Wajapani, Wenye Haya Wenzangu

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu. Naandika kwa kalamu, polepole, na mistari yangu inaanzia chini kushoto na kuishia juu kulia kama njia za mtaa wa Kimisagara zinazopanda mlima, hata msomaji akifika mwisho wa ukurasa anahema. Elimu yangu ni ya msingi. Niliipata Karagwe, Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda. Tangu nifike Kigali, Kinyarwanda kimeingia ndani ya kalamu na kuzichanganya "r" na "l", mpaka siku moja niliandika kwamba mama anakura wari. Binti wa nyumba ninayofanyia kazi, ambaye namwita dada na sasa ni mke wa watu, amezisahihisha zile alizoziona. Zilizobaki ni zangu.

Nataka kueleza jinsi Wajapani walivyoiteka dunia. Najua wako watu waliosoma ambao wameshalieleza jambo hili kwa magari na kompyuta. Mimi nitalieleza kwa choo, kwa sababu ndicho ninachokijua. Nakisafisha kila siku.

Lakini kabla ya choo lazima niseme kuhusu haya. Mimi ni mtu mwenye haya, na si ile haya ya heshima ambayo wazee huisifu. Yangu ni ya ugonjwa. Dukani, wakinipita kwenye foleni, narudi nyumbani bila chumvi na kusema imekwisha mji mzima. Kanisani nikishikwa na chafya naimeza, nayo hunizunguka kichwani mpaka baraka ya mwisho. Mtu akiniuliza jina langu, huwa nasubiri kidogo nione kama ataacha.

Tulipofika Kigali tulikaa kwa shangazi yangu Kimisagara, kule bondeni, katikati ya mafundi wanaochomelea milango ya chuma. Nyuma ya karakana moja palikuwa na chumba cha kuonyesha filamu. Zilikuwa za aina ile ambayo hapa huitwa agasobanuye: filamu ya kigeni ambayo mtu mmoja mwenye kipaza sauti ameisimulia yote kwa Kinyarwanda, juu ya sauti za wenyewe. Huyo mtu mmoja ndiye mume, ndiye mke, ndiye askari, na mbwa akibweka ni yeye.

Mimi nilipenda vibonzo vya Kijapani. Vijana wenye nywele zilizosimama kama majani ya nanasi, na macho makubwa kama visosi. Msimuliaji hakujua Kijapani hata neno moja, na jambo hilo halikumsumbua kabisa. Mdomo ukifunguka kwa muda mrefu, aliujaza maneno mengi. Ukifunguka kidogo, alisema "sawa." Nakumbuka msichana mmoja aliyesimama chini ya mti wenye maua ya rangi ya waridi, petali zinamwangukia, machozi yanamtoka. Sijui kwao Japani alikuwa analilia nini. Kwetu alilia kwa sababu basi lilikuwa limemwacha stendi ya Nyabugogo, na gunia lake la mihogo limeondoka nalo. Tulilia naye. Mle ndani hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kuachwa na basi.

Mambo mawili niliyaona katika vibonzo hivyo na sikuyasahau. La kwanza, wale wapiganaji hawapigi kimyakimya. Mtu akitaka kurusha ngumi, kwanza anapaza sauti na kuitangaza hiyo ngumi, kisha ndipo anairusha. Adui naye anasubiri kwa adabu mpaka tangazo liishe. La pili, mtu akiona haya, wanamchora mistari myekundu mashavuni, na wakati mwingine moshi unamtoka kichwani. Sisi ngozi yetu inaficha. Wewe unaungua ndani, na wenzako wanakuona umetulia tu. Kule gizani, kwenye benchi, kwa mara ya kwanza niliona ugonjwa wangu umechorwa na mtu anayeujua. Nikajiambia, huko Japani wako watu kama mimi, na wana penseli.

Baadaye nilipata kazi ya ndani katika nyumba moja Nyarutarama, upande ule wenye nyasi za kijani ambazo watu wanazikanyaga wakiwa na vijiti, wakitafuta mpira mdogo. Bwana mwenye nyumba alikulia Uganda. Ni mtu mwema, na ana udhaifu mmoja tu: kila kitu chenye vitufe anakiheshimu. Ana redio ambayo haijawahi kulia, lakini hairuhusiwi kutupwa kwa sababu ya vitufe vyake.

Binti yake mkubwa, huyo dada niliyemtaja, aliniona haraka nilivyo. Akiwa na jambo la kunituma niliinamia sufuria, na nikipewa kalamu nijibu kwa maandishi nilichukua muda kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda. Basi akanipa simu yake ya zamani na kunifundisha kutumia vipicha, yaani emoji. Kuku akiiva, natuma kuku. Mvua ikija na nguo ziko kambani, natuma wingu. Akinishukuru, anatuma mikono miwili. Tukaelewana kuliko watu wanaozungumza.

"Unajua vimetoka wapi hivi?" aliniuliza siku moja.

Nikatikisa kichwa.

"Japani. Kwenye simu zao za zamani."

Sikushangaa hata kidogo. Nani mwingine angebuni njia ya kumwambia mtu unampenda bila kufungua mdomo?

Na sasa choo. Kabla bwana hajahamia katika nyumba ile, ilikuwa imepangwa na familia ya Kijapani. Walipoondoka walibeba vitu vyao vyote isipokuwa choo cha wageni cha chini, au tuseme kiti chake. Kilikuwa na waya wa umeme, na ubavuni kilikuwa na safu ya vitufe vyenye maandishi ya Kijapani na michoro midogo iliyofutika nusu. Bwana alipokiona alisimama mlangoni kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wa mahari. Aliamuru kisiguswe. Familia ilitumia vyoo vya juu, na kile cha chini kikawekewa wageni wa heshima.

Mimi nilikifahamu kwa njia ngumu. Siku ya kwanza niliinama nikipiga brashi, kiwiko kikagusa kitufe, na kijiti chembamba kikachomoza kutoka ndani kama ulimi wa kinyonga na kunitemea maji usoni. Nikakaa sakafuni. Sikukasirika, nilitaka kukisalimia. Kisha nikabonyeza kingine, nikiwa nimejikinga na ndoo, na badala ya maji ikatoka sauti: mto unatiririka, ndege wanalia. Nilimuuliza dada kwa kipicha cha sikio na alama ya kuuliza. Akatafuta kwenye simu yake, kisha akaja jikoni akicheka hadi akashika meza.

"Ni ya kuficha sauti," alisema. "Ukiwa unajisaidia, unawasha mto, ili aliye nje asikusikie."

Nilirudi mle ndani nikafunga mlango, nikakaa. Wengine wamezunguka dunia na mizinga na bendera. Hawa wamekaa, wakafikiri kwa makini, na kumtengenezea mtu mwenye haya mto wake mwenyewe. Nilijiona kama mtu aliyepata barua kutoka kwa ndugu zake wa mbali.

Shida ya kile choo ilikuwa ni sisi. Kila mgeni aliyeingia alibonyeza kitufe akidhani ndicho cha kuvuta maji, kwa sababu kile cha kweli kilikuwa kimejificha pembeni. Kila mgeni alirushiwa maji. Na hakuna hata mmoja aliyesema! Nilikuwa nikiwaona wanatoka: mchungaji akitembea amegeuzia mgongo ukuta, mama wa kikundi cha akiba ameshika mkoba nyuma badala ya mbele, mwalimu mkuu mmoja amefunga sweta kiunoni saa sita ya mchana wa jua. Bwana anawauliza, "Umekionaje choo chetu?" Wanajibu, "Kizuri sana, asanteni, murakoze." Na kwa sababu kila mmoja alinyamaza, kila mmoja aliamini kuwa kosa lilikuwa lake peke yake. Katika mji mwingine mgeni wa kwanza angetoka akipiga mayowe na choo kingeng'olewa siku hiyo hiyo. Kigali tunaweza kuloweshwa wote, mmoja baada ya mwingine, na kuendelea kusifia.

Ndipo dada akapata mchumba.

Kijana mwenyewe hakuwa na doa. Ila jamaa zake walikulia Burundi, na kwenye nyumba yetu kulikuwa na bibi, mama yake bwana, aliyekuwa na neno. Hakuwa na neno na kijana. Neno lake lilikuwa juu ya saa zao.

"Watu wa Bujumbura," alisema akiwa amekaa barazani na rozari yake, "hata ukiwaambia nyumba inaungua, wanamaliza bia kwanza."

"Bibi, wanakuja mapema," dada akamwambia. "Wameahidi."

"Tutaona. Wakichelewa kuja kuomba, mimi naona hawana haraka na wewe. Baraka yangu nabaki nayo."

Na kila mtu alijua kwamba bwana hawezi kumtoa binti bila baraka ya mama yake. Dada alipanda chumbani, na baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa ametuma kipicha cha saa, na uso unaolia.

Kwa wasioijua desturi yetu: siku ya gusaba, yaani siku ya kuomba, upande wa kijana huja nyumbani kwa binti na mzee wao anayewasemea, huyo huitwa mkwe mkuu. Wenyeji nao wana msemaji wao. Wanakaa chini ya mahema wakitazamana, na wale wasemaji wawili wanapigana kwa maneno mazuri mbele ya watu wote. Wenyeji hutafuta kila sababu ya kukataa, kwa mzaha. Binti haonekani mpaka atolewe. Lakini mzaha huo una mpaka, na mpaka wa kwetu ulikuwa umekaa kiti cha mbele na rozari mkononi.

Bwana alijiandaa vizuri. Aliogopa maji yasikatike na wageni wote wale, akanunua pampu mpya, yenye nguvu, nayo ilikuwa na vitufe. Fundi alipoiwasha, bomba la jikoni lilipiga sahani ikaruka. Bwana alifurahi sana. Hakuna aliyefikiria choo.

Watu wa kijana walifika mapema. Walifika mapema kiasi kwamba mahema mengine yalikuwa bado yanafungwa. Bibi alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni kusikiliza kama inatembea. Mkwe mkuu wao alikuwa mzee mrefu mwenye shuka jeupe kiunoni na jingine limefungwa begani, na fimbo nzuri yenye shanga. Alitembea taratibu kama mtu aliyezoea kupishwa. Kabla ya mambo kuanza aliomba mahali pa kujisaidia. Bwana alimpeleka mwenyewe, kwa fahari.

Mimi nilikuwa jikoni napanga glasi, sikuona. Nilichosikia ni kipaza sauti cha msemaji wetu, mtu mfupi mwenye ulimi mkali, akianza kuchokoza.

"Wageni wetu, karibuni. Naona mmetuletea kiti kiwasemee. Kiti hiki ni cha ukoo gani?"

Watu walicheka. Sauti ya upande wa kijana ikajibu, "Mzee wetu anakuja."

"Anatoka wapi? Mngetuambia, tungemtumia mtu amsindikize kutoka mpakani."

Kicheko tena. Baada ya kitambo nikasikia, "Hiki kiti kina adabu, lakini hakina maneno. Tumpe binti yetu kiti?" Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Nikachungulia. Bibi alikuwa ameweka rozari mapajani na anaitazama saa yake, na bwana anamtazama bibi.

Simu ikalia. Dada, kutoka chumbani kwake juu: alama za kuuliza, nyingi, zimejipanga kama watu wa foleni.

Nikaenda ukumbini. Fimbo yenye shanga ilikuwa imeegemea ukuta, nje ya mlango wa choo. Ndani palikuwa na mto unatiririka, ndege wanalia, na katikati ya ndege hao mtu anasema "Yesu, Yesu," polepole. Nikamjibu dada: kipicha cha mzee, kipicha cha choo, tone la maji, tone la maji, tone la maji. Yeye akatuma mikono iliyofumbatana.

Nilisimama pale nikifikiria mistari myekundu ya vibonzo. Kisha nikagonga kwa kucha moja.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa jikoni."

Nilikuwa nimejibu kwa Kiswahili bila kukusudia, ndivyo ninavyokuwa nikiogopa. Sauti ya ndani ikabadilika.

"Unasema Kiswahili? Mungu mkubwa! Mimi nimekulia Buyenzi, kule Bujumbura kwa Waswahili. Sogea mlangoni, mwanangu. Na usicheke."

"Sicheki, mzee."

"Mwanangu, nimekalia chemchemi. Nikisimama inapiga dari. Nikikaa inanipiga mimi. Nimeamua kuiokoa dari."

"Umebonyeza kitufe kipi, mzee?"

"Vyote. Mtu asiyejua kusoma maandishi afanyeje? Anabonyeza vyote, anamwachia Mungu achague. Na hawa ndege ni wa nini? Mwanzoni nilidhani kuna mtu humu ndani."

Nikamweleza kwamba ndege ni wa kuficha sauti.

"Basi waliokitengeneza wametufikiria," alisema. "Maana nimelalamika sana humu."

Ajabu ni kwamba nilikuwa nazungumza. Mlango ulikuwa kati yetu, hatuonani, na mto wa Kijapani unafunika maneno yetu yote. Sikuwahi kuongea na mtu mzima kwa urefu ule. Nilimwambia nitazima umeme wa nyumba nzima, pampu itakufa na maji yatakoma.

"Zima. Lakini nitatokaje? Mbele nimekauka. Nyuma ni mto Rusizi. Watu wote wale wananisubiri, na yule mwenzangu mwenye ulimi. Nikitoka hivi, kila harusi nitakayoalikwa watanong'ona: ndiye huyu, aliyeshindwa kufika chooni. Bora niseme naumwa, waniitie gari. Tuje kuomba siku nyingine."

"Bibi hatakubali siku nyingine, mzee."

"Hatakubali?"

"Hapana."

Nilisikia akishusha pumzi. "Na vijana wanapendana," alisema, kama mtu anayelaumu hali ya hewa.

Nilikuwa na wazo, lakini lilikuwa refu na maneno yangu yalikuwa yamekwisha. Nikasema tu, "Tembea, mzee. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nikaenda kwenye swichi kuu, nikaishusha. Kipaza sauti kikakata katikati ya neno, muziki ukafa, na chini ya mahema watu wakasema "Aaaa!" kwa pamoja. Chooni mto ukakauka na ndege wakanyamaza. Nikachukua jagi kubwa la plastiki la kunawisha wageni mikono, nikalijaza hadi mdomoni, nikarudi. Mzee akatoka. Hakunitazama, nami sikumtazama, tuliinama wote wawili. Akachukua fimbo yake. Kwa nyuma, shuka lilikuwa limemshika miguuni kama ngozi.

Tulipitia kando ya ukuta, yeye mbele, mimi nyuma yake kama kivuli chenye jagi. Alitembea taratibu kama mwanzo, wala hakuharakisha, na kwa hilo nilimheshimu sana. Tukafika mbele ya mahema. Umeme ulikuwa umekatika, muziki haupo, hivyo macho yote hayakuwa na kazi nyingine. Yalitutazama sisi.

Pale miguu yangu ikagoma. Nilijua ninachotakiwa kufanya, ni kuanguka tu, jambo ambalo hata mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Lakini kuanguka mbele ya watu kwa kukusudia kunataka moyo ambao sikuwa nao. Mzee alikuwa anakaribia kiti. Akigeuka kukaa, upande wake wa Rusizi utawaelekea wenyeji wote, bibi akiwa wa kwanza.

Sijui ilinijiaje, ila nilikumbuka kile chumba cha Kimisagara. Nikafungua mdomo na kupiga ukelele, kama wale wapiganaji wenye nywele za nanasi, kama msimuliaji mwenyewe:

"Majiiii!"

Kisha nikaanguka. Jagi lote likamwagikia mzee mgongoni, kuanzia begani hadi visiginoni. Mimi nikalala kwenye nyasi kifudifudi, nikaona ni mahali pazuri, nikabaki.

Kelele ilikuwa kubwa. "Ayii! Yewe! Mwinueni mzee!" Bibi alisimama. "Wewe! Macho uliyaacha Karagwe? Unamwogesha mkwe mkuu mbele ya watu?" Bwana alifika juu yangu, viatu vyake tu ndivyo nilivyoviona. "Kesho asubuhi," alisema kwa sauti ya chini, "ufungashe." Akina mama walikuja na taulo na khanga, wakamfuta mzee mgongo, wakamfuta shuka, wakimwomba radhi. Yeye alisimama katikati yao kama mfalme anayevishwa.

Nilichokuwa nimepanga ni kuficha maji kwa maji, basi. Lile lililofuata sikuwa na akili ya kulipanga. Mwenyeji ambaye nyumba yake imemlowesha mgeni hana tena mdomo wa kumlaumu mgeni kwa kuchelewa. Lile neno la saa, ambalo bibi alikuwa amelishika kwa miezi, lilimponyoka mkononi. Yeye ambaye ni mkali wa adabu kuliko wote ndiye aliyelazimika kuinama.

"Mtusamehe, mzee," bibi alisema. "Nyumba yetu imekukosea."

Umeme ulirudi, mtu alikuwa amepandisha swichi. Mkwe mkuu akachukua kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nikisubiri anitaje nife.

"Bibi yetu," alisema, "sisi tulichelewa kukaa, ninyi mmetumwagia maji. Naona mizani imelala sawa. Kabla sijaomba kikubwa kilichonileta, nina ombi dogo. Nasikia kijana huyu wa jikoni anafukuzwa. Mtu hafukuzi mtu siku ya kuomba. Nipeni huyu kwanza, abaki kazini kwake, ndipo nijue kama nyumba hii ni nyumba inayotoa."

Msemaji wetu, yule mwenye ulimi, akamgeukia bwana. Bwana akamgeukia bibi. Mgeni umemlowesha, umemwomba radhi, ameomba kitu kisichogharimu kitu. Ungemnyima vipi?

"Abaki," bibi alisema. "Ila asiguse jagi."

Watu walicheka, na baada ya kicheko hicho mambo yalikwenda kama gari linaloteremka mlima. Mzee aliongea vizuri sana siku ile. Alisema ukoo wao tayari umeoshwa hapa, hivyo hauwezi kurudi mikono mitupu kama wageni wachafu. Dada alitolewa akiwa amepambwa, akapita karibu nami akiangalia chini kama inavyotakiwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa ameona yote kutoka dirishani.

Jioni, kabla giza halijaingia, mahema yakiwa yanafunguliwa, bibi alikuja jikoni. Huwa haji jikoni. Nilikuwa naosha glasi. Alisimama mlangoni akinitazama kwa muda.

"Nimeona watu wengi wakianguka katika maisha yangu," alisema. "Wote huanguka kwanza ndipo wapige kelele."

Niliendelea kuosha glasi ile ile.

"Wewe ulipiga kelele kwanza."

Mashavuni nilihisi ile mistari ikichorwa, mmoja mmoja. Bibi akageuka aondoke, kisha akasema akiwa amenipa mgongo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Hata mimi kilinilowesha. Wiki ile ile tuliyohamia."

Akaenda zake.

Choo kipo mpaka leo. Bwana bado anawapeleka wageni kwa fahari, nao bado wanasema ni kizuri. Pampu niliipunguza nguvu, na juu ya vitufe nimebandika karatasi niliyochora mwenyewe: kwenye kitufe cha maji, uso wenye macho makubwa ya kushtuka, na kwenye kitufe cha mto, ndege. Bwana alidhani karatasi hiyo imetoka Japani, akaisifu.

Nimeyaandika haya kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Nilikutana naye nyumbani kwa dada, kwenye kumpa mtoto jina, akaniambia niandike, kwani amezeeka na haya imechoka kumfuata. Bibi sikumwomba ruhusa. Bibi hasomi Kiswahili.

Sasa nakuomba wewe unayesoma, uniandikie. Nataka kujua kama nawe uliwahi kuloweshwa na chombo usichokijua, mahali pa heshima, ukatoka ukasema asante. Au kama unao mto wako wa kujifichia, uniambie unauwashaje. Usijali mwandiko, wangu umeshauona. Na kama haya inakuzidi, chora tu tone la maji. Nitaelewa, na nitakujibu kwa ndege.